Pengo Aliloachiwa Mama

Harufu ya mbao za paleti zilizolowa mvua siipendi, lakini nikiisikia husimama. Ni harufu ya ukungu, ya mafuta ya mashine, na ya kitu kikali kidogo cha msonobari, na baba alikuja nayo kila jioni kutoka Wetherill Park, eneo la viwanda huko Sydney. Ilikaa kwenye koti lake la kazini, kwenye nywele zake, hata kwenye mkate aliotununulia njiani. Alikuwa akipanga mizigo katika godauni moja kubwa huko, na paleti zilizovunjika, yale majukwaa ya mbao ya kuwekea mizigo, wafanyakazi waliruhusiwa kuzichukua, maana vinginevyo zingetupwa. Baba hakuwa mtu wa kutazama mbao nzuri zikitupwa. Alizifunga juu ya gari la mwenzake aliyekuwa akimpa lifti, akazishusha mbele ya makao yetu, akang'oa misumari mmoja mmoja na kuinyoosha juu ya jiwe. Nilikuwa na miaka kumi mwaka ule, na makao yetu yalikuwa gari.

Nieleze vizuri, maana watu nikiwaambia hivyo hudhani tulilala kwenye viti vya nyuma. Lilikuwa gari kubwa, la aina ile ambayo wazee wa Australia hununua wakistaafu ili waizunguke nchi yao: injini na usukani mbele, na nyuma chumba kirefu chenye jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja na vitanda viwili. Sisi hatukuzunguka popote. Kabla ya hapo mimi na baba tuliishi Fairfield, tukichangia nyumba na familia nyingine ya Wakongo, mpaka familia ile ilipoongezeka na sisi tukaanza kuonekana wageni wasiojua kuaga. Gari lile baba alilipata kwa mfanyakazi mwenzake, injini ikiwa imechoka kabisa. Likavutwa hadi uwanja mmoja wa karavani pembezoni mwa jiji, upande wa magharibi, likainuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya matofali. Baba alisema ni kwa muda tu. Kanisani hakumwambia mtu. Jumapili tulivaa vizuri, tukapanda basi kisha treni hadi Fairfield, tukaimba, tukasalimiana na kila mtu, na aliyeuliza siku hizi tunakaa wapi aliambiwa "kule mbele kidogo", jibu ambalo Sydney linaweza kumfikisha mtu popote.

Uwanja ule haukuwa na watoto. Majirani zetu walikuwa wastaafu na watu waliokuwa wakitoka kwenye jambo fulani ambalo hawakutaka kulisema: ndoa, kazi, ugonjwa. Waliniangalia kwa wema na hawakuwa na la kuniambia. Basi la shule liliniteremsha barabarani, nikatembea kwenye njia ya kokoto, nikafungua mlango kwa ufunguo niliouvaa shingoni, nikakaa mezani kumngoja baba. Sijui kama nimewahi tena kuwa mpweke namna ile, na nimeishi peke yangu miaka mingi baadaye. Shuleni nilikuwa naongea Kiingereza mchana kutwa, na baba akirudi alikuwa amechoka mno kuongea lugha yoyote. Basi nilianza kujizungumzisha mwenyewe kwa Kiswahili. Niliiambia sufuria kwamba maji yanachemka. Niliuambia mlango kwamba umechelewa kufungwa. Nilikuwa na sababu yangu: mama akija, asinikute nimekisahau.

Mama alikuwa Bujumbura. Tulipoukimbia mji wetu karibu na Uvira nilikuwa mdogo sana, nimebebwa mgongoni kwa baba, na katika vurugu ile mama alishika njia nyingine pamoja na bibi mzaa mama. Sisi tukaishia kambini Uganda, na miaka mingi baadaye tukaletwa Australia. Muda wote huo hatukujua kama yu hai, na yeye hakujua kama sisi tuko hai. Kisha mtu mmoja akamjua mtu aliyemjua mtu, kama ilivyo kawaida yetu, na siku moja tukiwa Fairfield simu ya baba ikalia na sauti ya mwanamke ikalitaja jina langu. Baba akaanza kushughulikia aje. Tangu hapo kila aliyemwuliza kanisani alijibiwa vilevile: "Dosie iko inatembea." Nilikuwa nikiiwaza hiyo dosie, faili la maombi ya mama, ikitembea kweli, kwa miguu, ikivuka nchi na bahari, na nilikuwa naionea huruma.

Baridi ilipoingia, tulijifunza kwamba gari si nyumba. Watu walio mbali na Sydney hudhani huku ni jua tu, lakini ule upande wa magharibi asubuhi za Julai majani huwa meupe kwa umande ulioganda, na upepo unaotoka milimani hauna adabu. Ulipita chini ya gari letu kama uliopewa ruhusa. Sakafu ilikuwa nyembamba, na kitanda changu kilikuwa chini kabisa, upande wa mlango. Niliamka miguu imekufa ganzi. Bi Maureen, mjane wa Kizungu aliyeishi karavani ya jirani na kuvuta sigara akiwa amevaa kanzu ya kuogea, ndiye aliyemweleza baba dawa yake. Kila aliyekaa pale muda mrefu, alisema, alizungushia chini ya gari lake ukuta mfupi, kutoka ukingo wa gari mpaka ardhini, ili upepo usipite. Akatuonyesha wa kwake. Wenyewe waliuita sketi. Baba aliinama, akautazama, akaugonga kwa vidole, akainuka na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tuhame Fairfield.

"Ni msingi," aliniambia tukirudi kwetu. "Hawa watu banafanya msingi nyuma ya nyumba kwisha." Yaani nyumba kwanza, msingi baadaye. Alifurahi sana. Nadhani kilichokuwa kikimuumiza muda wote ule si udogo wa lile gari, ni kwamba lilining'inia hewani. Kwao nyumba hukaa chini, hugusa udongo. Mimi nilifurahi kwa sababu yangu tofauti: magurudumu yangefichwa. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu, kwamba siku moja nitarudi kutoka shule nikute kokoto tupu, na mama akija atatukosa tena, kama mara ya kwanza. Nilijua injini imekufa. Hofu haikujali habari za injini.

Tulijenga Jumamosi kwa Jumamosi. Baba alipima kwa kamba, akakata mbao za paleti kwa msumeno wa mkono, akatengeneza fremu nyepesi za mstatili, na mimi nilishika upande wa pili na kumpa skrubu. Tulihitaji kitu cha kufunika fremu zile, na hapo siasa za Australia zilitusaidia kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Uchaguzi ulikuwa umepita, na yale mabango ya plastiki ngumu yenye picha za wagombea yalikuwa bado yamefungwa kwenye nguzo na uzio kila mahali, hakuna aliyeyataka tena. Baba aliuliza kwanza, maana alikuwa mwoga wa serikali yoyote, akaambiwa chukua. Tukarudi na mzigo mzima. Tuligeuza nyuso ndani na upande mweupe nje, kwa hiyo wale waheshimiwa wote, walioshinda na walioshindwa, wakakaa chini ya kitanda changu wakitabasamu gizani. Baba alisema angalau sasa wametufanyia kitu.

Tulikosea pia, na kosa lilikuwa la kwetu kabisa. Fremu ziliposimama, baba alileta udongo kwa ndoo akaushindilia kuzunguka chini yote, akaumwagia maji, akaukanyaga, akaulainisha kwa kiganja, kama unavyofanya nyumbani ili mvua na nyoka wasiingie. Ukuta ulipendeza. Lakini ndani ya muda mfupi magodoro yetu yalianza kunyonya unyevu kutoka chini, nguo zikanuka, na msimamizi wa uwanja akaja na uso mrefu. Alisema chini ya gari lazima hewa ipite kwenye matundu, na kwamba sheria inataka gari liweze kuondoka haraka moto wa msituni au mafuriko yakija. Kwa hiyo kila fremu iwe ya kung'olewa kwa mkono. Baba hakubisha. Aliuchimbua udongo wote, akatoboa matundu na kuyafunika kwa wavu, akafunga fremu kwa ndoano. Nilimsikia akinung'unika tu kwamba hajawahi kuona msingi unaofungwa kama dirisha.

Upande wa nyuma ulikamilika, na upande wa barabara, na mbele chini ya usukani. Kilibaki kipande kimoja, pale karibu na mlango, chini ya kitanda changu hasa. Fremu yake baba alikuwa ameitengeneza. Ilikuwa tayari, imeegemezwa kwenye mti, na kando yake kopo la rangi ya kahawia iliyokolea ambalo hakulifungua. Jumamosi iliyofuata hakuigusa. Alifagia vumbi la mbao, akapanga vyombo vyake, akanawa.

"Papa, umesahau hapa," nikamwambia.

"Sikusahau. Ile ni kazi ya mama yako."

Akanieleza, ameketi kwenye ngazi ya gari, na ilikuwa mara chache mno baba kunieleza kitu kwa urefu. Kijijini kwao mwanamume husimamisha nguzo, hukandika kuta, huezeka. Lakini sehemu ya chini ya ukuta kwa nje, ule mkanda mweusi unaozunguka nyumba, haupaki yeye. Huupaka mke, kwa mikono yake mitupu, siku anapohamia. Na kipande cha mwisho karibu na mlango huachwa wazi kabisa, hata udongo haujazwi, mpaka afike akifunge mwenyewe. Mwanamume anayefunga pale peke yake amesema mbele ya watu kwamba hana mtu anayemngoja. Hata awe na mvi kichwa kizima, nyumba yake itaitwa ya kapera. Baba alisema hayo kwa utani kidogo, lakini alikuwa akilitazama lile pengo kwa namna ambayo sikuthubutu kucheka.

Tulimwonyesha mama kwenye simu. Baba aliizungusha kamera polepole kulizunguka gari lote, akieleza kila fremu, na alipofika kwenye pengo akanyamaza ili mama aone mwenyewe. Mama alicheka. "Kumbe mulinibakishia kazi," alisema. "Na udongo wa kule unashika?"

"Haiko udongo. Iko rangi," baba akajibu. "Niko nakungojea nayo."

Kile kicheko cha mama nilikaa nacho wiki nzima. Nilijifunza kukiiga. Nikirudi shuleni nilisimama mbele ya lile pengo nikalipimia: hapa atapiga magoti, hapa ataweka kopo. Upepo wote wa uwanja ule, uliozuiwa kila mahali, sasa ulijikusanya ukaingia pale pamoja, na kitanda changu kikawa baridi kuliko kabla hatujajenga. Bi Maureen alikuja akainama, akamwambia baba kwa upole kwamba ameruka sehemu, tena sehemu mbaya, mtoto analala juu yake. Baba, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha godauni, alisema, "For my wife." Bi Maureen akaliangalia pengo, akaniangalia mimi, akarudi kwake. Kesho yake aliniletea mfuko wa mpira wa kutia maji ya moto, akanifundisha kuuweka miguuni. Mara moja tu nililalamika. "Baridi iko naingia, Papa." Alinivua soksi zangu, akanivisha za kwake za kazini zilizonifika magotini, akasema nivumilie kidogo, mama atakuja kufunga. Sikulalamika tena. Ilikuwa heri kwangu kusikia baridi ile. Ilimaanisha kwamba tunamngoja mtu.

Simu zikaanza kupungua. Mama alikuwa na shughuli, au mtandao ulikuwa mbaya, au alipiga nikiwa shuleni. Siku moja, tukiwa tunazungumza, nilisikia mtoto mchanga akilia karibu naye sana, na kilio kikanyamaza ghafla kama mtoto anayepewa titi. Nikamwuliza ni mtoto wa nani. "Wa jirani," mama alisema, kisha akaniuliza kama ninakula vizuri. Baba alikuwa amesimama kwenye sinki akiosha kikombe, na aliendelea kukiosha muda mrefu baada ya simu kukatika. Jumapili ile kanisani mama mmoja alimwuliza dosie imefika wapi. Baba alisema inatembea. Lakini alisema akitazama viatu vyake, nami nilikuwa mtoto aliyemtazama baba yake kuliko alivyotazama vitabu.

Nilirudi kutoka shule siku moja baridi ikiwa bado kali, nikamkuta baba nyumbani mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, hajavua koti la kazi. Pengo halikuwapo. Fremu ilikuwa imesimamishwa mahali pake, ndoano zimefungwa, na kuzunguka gari lote, kuanzia usukani hadi nyuma na kurudi mlangoni, ulikuwa umepakwa mkanda wa kahawia iliyokolea. Hakutumia brashi. Alama za vidole zilionekana wazi, zimepita kwa mawimbi kutoka kushoto kwenda kulia, namna wanawake wa kwao wanavyopaka, na mikono ya baba ilikuwa na rangi mpaka viwikoni. Kazi yote ya mama alikuwa ameifanya yeye. Aliponiona alijaribu kutabasamu.

"Baridi haitaingia tena," alisema.

Nikauliza, "Mama anakuja lini?"

Alisugua rangi kwenye vidole vyake. "Mama yako iko na nyumba yake kule," alisema. "Iko na bwana, na mtoto. Alidhani tulikufa, mwanangu. Usimkasirikie." Kisha akaniambia niingie ndani nivue viatu, chai ipo tayari.

Niliingia. Ndani kulikuwa na joto. Niliketi kitandani nikangoja upepo upite chini yangu, haukupita. Nililia, na nilichokuwa nikililia, nakumbuka waziwazi, ni kwamba miguu yangu haikuwa na baridi. Nje nilimsikia Bi Maureen akimwambia baba kwamba imependeza sana, kwamba sasa ndiyo sketi nzuri kuliko zote uwanjani. Baba akamshukuru. Hakuwa na Kiingereza cha kumweleza, na hata angekuwa nacho, nadhani angemshukuru tu.

Tuliishi mle hadi nilipokaribia kumaliza shule. Lile gari likaja kuvutwa tena, fremu zikang'olewa kwa mkono kama sheria ilivyotaka, na wale wagombea wakaliona jua wakiwa wameota ukungu. Leo ninaishi Auburn, kwenye ghorofa ya tatu, madirisha yangu yana vioo viwili na hakuna upepo unaojua njia ya kuingia. Ninafanya kazi ya kutunza wazee. Baba yuko Fairfield, mvi kichwa kizima, hakuoa, na kanisani bado wapo wanaomtania kwa jina la kapera bila kujua wanasema nini. Binti yangu hulala bila soksi. Nikimwambia kwa Kiswahili ajifunike, hunijibu kwa Kiingereza kwamba hasikii baridi, na ni kweli.

Mama naye hupiga Jumapili. Simkasirikii, baba aliniomba nisimkasirikie, na nimekuwa mtu mzima vya kutosha kujua kwamba angenikuta hai asingenitupa. Tunaulizana afya, tunaulizana mvua, mdogo wangu hupita nyuma yake na kunipungia mkono, mvulana mrefu sasa, kisha mimi na mama tunabaki tukitazamana kwenye kioo cha simu mpaka mmoja wetu aseme mtandao ni mbaya. Ni mwanamke mwema. Hatujuani. Mama niliyemjua mimi alikuwa hapa Sydney baridi moja tu, miezi ile niliyokuwa nikitetemeka kitandani nikimngoja, na aliondoka mchana mmoja nikiwa shuleni, baba alipolifunga lile pengo.